Kuvu za Magogo na Majina Yake: Kutoka Virunga hadi Goma

Kuvu zinazoozesha miti zimo katika himaya yake zenyewe, nje ya mimea na nje ya wanyama, na chakula chake ni ubao. Kigaga kigumu kilichojishikiza kwenye shina kama rafu, au masikio laini yanayochomoza kwenye gogo baada ya mvua, ni tunda tu la kuvu. Mwili wenyewe umo ndani ya mti: nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazotoa vimeng'enya, zikaumeng'enya ubao na kufyonza kinachoyeyuka. Ubao una selulosi, inayoupa nguvu kama nondo, na lignini, inayoishikanisha selulosi hiyo kama saruji. Kuvu za uozo wa kahawia hula selulosi na kuiacha sehemu kubwa ya lignini, hivyo gogo hupasuka vipande vya mraba na kusagika vidoleni kama ugoro. Kuvu za uozo mweupe huvunja vyote viwili, na ubao hubaki mweupe, mwepesi, wa nyuzinyuzi. Katika misitu ya tropiki uozo mweupe ndio unaotawala.

Kiswahili cha kila siku kina neno uyoga kwa kile chenye kofia na mguu, na neno kuvu kwa ukungu wa mkate uliochacha au ngozi yenye unyevu. Rafu ngumu za mashinani haziliwi na mtu, kwa hiyo mara nyingi hupitwa bila kutajwa. Ila zile laini zinajulikana vizuri jikoni: masikio ya jenasi Auricularia, na kile kijiuyoga cha kijivu chenye manyoya, Schizophyllum commune, kinachoota karibu kila bara na kinacholiwa katika sehemu nyingi za Kongo.

Goma, mashariki ya Kongo, inaishi na kuvu hizi kuliko miji mingi ya ukubwa wake, kwa sababu ni mji wa mbao juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na wengi walijenga upya kwa mbao, kuta zikiwekwa juu ya msingi wa mawe meusi ya lava hiyohiyo. Mizigo ya mji husukumwa kwa chukudu, gari la magurudumu mawili linalochongwa kwa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi. Vyakula hupikwa kwa makala, yaani makaa ya miti. Mafundi wa mji wanajua kwa mazoea kile ambacho maabara imethibitisha kwa vipimo: ubao mkavu hauozi, na uozo huanza pale unyevu wake unapovuka takriban asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkavu. Ndiyo maana miguu ya nyumba huinuliwa juu ya jiwe, na nguzo hupakwa oili chafu ya magari. Ujuzi huo hauhitaji jina la kuvu ili ufanye kazi. Jina huhitajika pale shamba la chai linapokufa mstari kwa mstari, au pale mtu anapotaka kujua kama kuvu ya mlima Mikeno ni ileile ya milima ya Rwenzori, na hapo ndipo historia ndefu inapoanza.

Mtu aliyeweka msingi wa kuainisha kuvu alizaliwa Afrika. Christiaan Hendrik Persoon alizaliwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1761, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto na hakurudi tena. Alifariki Paris mwaka 1836. Kitabu chake cha mwaka 1801 kilipanga kuvu zilizojulikana wakati huo kwa mfumo mmoja. Miaka 20 baadaye Elias Fries wa Sweden alianza kutoa kazi yake kubwa, na kuvu za miti zenye matundu chini ya kofia aliziweka nyingi katika jenasi moja, Polyporus, maana yake matundu mengi. Fries aliangalia umbo, rangi na ugumu, vitu vinavyoonekana kwa macho. Mpango huo ulikuwa rahisi kutumia na ulidumu muda mrefu mno, kwani ulichanganya viumbe visivyo na undugu kwa sababu tu vyote vina matundu. Kuanzia miaka ya 1880 Petter Karsten wa Finland na Narcisse Patouillard wa Ufaransa walianza kuuvunja. Mwaka 1881 Karsten alitenga jenasi Ganoderma, ambayo spora zake zina ukuta wa tabaka mbili. Jenasi hiyo itarudi katika habari za milima ya Virunga.

Wakati hayo yakitokea Ulaya, eneo la kaskazini ya Ziwa Kivu lilikuwa halijafikiwa na wakusanyaji wa Kizungu. Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani na kupanda Nyiragongo mwaka 1894. Msafara wa Wajerumani wa mwaka 1907 na 1908, ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulikuwa na mwanabotania Johannes Mildbraed, aliyekusanya mimea katika milima ya volkano na kwingineko Afrika ya kati. Sampuli zilikwenda Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, yaani ghala lake la sampuli kavu, na vielelezo vingi vya mimea ya Afrika vikapotea. Kwa mwainishaji hasara hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Jina la spishi hufungwa kwenye sampuli moja, kielelezo cha msingi, na sampuli hiyo ikiungua, jina hubaki na maelezo ya karatasi tu, ambayo mara nyingi ni mistari michache ya Kilatini.

Upande wa Wabelgiji, sampuli za Kongo zilikwenda Brussels, katika Bustani ya Mimea ya Serikali, ambayo baadaye ilihamia Meise. Kutoka huko baadhi zilitumwa kwa wataalamu wa mbali. Padri Giacomo Bresadola wa Trento alichapisha orodha yake ya kuvu za Kongo mwaka 1913 akiwa ameziona katika bahasha, zikiwa kavu. Rafu ngumu za mti zilifaa sana kwa biashara hiyo: zinakauka bila kupoteza umbo, hazihitaji pombe wala chupa, na mtu asiye mtaalamu anaweza kuzitia mfukoni. Ndiyo sababu kuvu za miti zimo kwa wingi katika makusanyo ya zamani. Lakini urahisi huo uliondoa mambo mengi. Jina la mti, kama mti ulikuwa hai au umekufa, rangi ya uozo, urefu kutoka usawa wa bahari: hayo mara nyingi hayakuandikwa, na hakuna hadubini inayoweza kuyarudisha.

Aliyefanya tofauti alikuwa Mathilde Goossens-Fontana, mke wa mkuu wa bustani ya Eala karibu na Mbandaka ya leo. Kuanzia miaka ya 1920 aliokota uyoga ukiwa mbichi, akauchora kwa rangi za maji siku hiyohiyo, kisha akaukausha na kuutuma Ubelgiji pamoja na picha. Maurice Beeli, na baada yake Paul Heinemann, walifafanua spishi nyingi kutokana na mikono yake, na mfululizo wa vitabu vya picha za kuvu za Kongo ulioanza mwaka 1935 umesimama kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo. Cantharellus goossensiae ni moja ya spishi zinazobeba jina lake. Kazi hiyo ilifanyika zaidi katika bonde la mto, mbali na milima ya Kivu.

Milimani hali ilikuwa nyingine. Hifadhi ya Albert, leo Virunga, iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, na katika miaka ya 1930 watafiti walipita humo mmoja baada ya mwingine. Walter Robyns alitoa juzuu tatu za mimea ya mbegu ya hifadhi kati ya mwaka 1947 na 1955. Jean Lebrun alichapisha mwaka 1960 uchunguzi wake wa mimea ya mashamba ya lava kaskazini ya Ziwa Kivu, yaani ardhi ileile ambayo Goma imeikalia. Alieleza jinsi jiwe tupu linavyovikwa kwanza na likeni za kijivu, kisha kangaga, kisha vichaka. Kuvu za miti huja nyuma ya hao wote, kwa kuwa hazina la kula hadi pawe na kijiti kilichokufa. Kuvu hazikupata kitabu cha ukubwa wa kile cha Robyns.

Waliozitazama kwa makini walikuwa madaktari wa mimea, na walikuwa na sababu ya pesa. Kituo cha kilimo cha Mulungu, Kivu ya Kusini, kilihudumia mashamba ya kahawa, chai na kwinini, na F. L. Hendrickx, aliyefanya kazi humo, alitoa mwaka 1948 orodha ya kuvu zote zilizokuwa zimetajwa Kongo na Ruanda-Urundi. Msitu unapofyekwa kwa ajili ya chai, visiki hubaki ardhini, na kuvu ya jenasi Armillaria hula visiki hivyo, kisha hutambaa kwa mizizi hadi kwenye michai iliyo hai. Kwa miongo mingi kila Armillaria ya Afrika iliitwa Armillaria mellea, jina la kuvu ya Ulaya. Mwaka 1977 Mwingereza David Pegler aliipa moja ya hizo za Afrika jina Armillaria heimii, kwa heshima ya Mfaransa Roger Heim. Kosa lililosahihishwa hapo lilikuwa la kawaida mno: kuvu ya Afrika kuvikwa jina la Ulaya kwa sababu zinafanana kwa macho.

René Steyaert alipitia njia hiyo ya kilimo pia. Akiwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea Kongo alifafanua mwaka 1948 Fusarium xylarioides, kuvu inayonyausha mibuni. Baadaye aligeukia Ganoderma, jenasi yenye majina mengi na mpangilio mchache, akaishughulikia kwa miaka mingi katika makusanyo ya Afrika na Asia. Mwaka 1972 alitenga kutoka humo jenasi mbili, Humphreya na Haddowia. Msingi wa kazi yake ulikuwa spora na ngozi ya juu ya tunda, kwa sababu aliona kwamba umbo la rafu hubadilika kulingana na mahali ilipoota: ile iliyobanwa kati ya mawe haifanani na dada yake aliye kwenye shina wazi, na wote wawili ni spishi moja.

Chombo kingine muhimu kilitoka Singapore. Mwaka 1932 E. J. H. Corner alichambua tunda la kuvu inayojulikana leo kama Microporus xanthopus, faneli nyembamba yenye pete za kahawia na kitako cha njano, inayoonekana kwenye vijiti vilivyoanguka kote Afrika ya tropiki na Asia. Corner hakuishia kwenye kuikata. Aliitenganisha nyuzi kwa sindano, akaonyesha kwamba kuna nyuzi za aina tatu: zinazozaa, zinazosimamisha mwili na zinazofunga. Kuvu nyingine zina mbili tu, nyingine moja. Tangu hapo hakuna uainishaji wa kuvu za miti usiotaja mfumo wa nyuzi. Kazi yenyewe ni ya subira. Kipande chembamba hukatwa kwa wembe, hulainishwa kwa potasiamu haidroksidi, na nyuzi hutenganishwa chini ya hadubini. Dawa hiyohiyo ni kipimo cha haraka cha msituni: tunda la familia ya Hymenochaetaceae likidondoshewa tone lake hugeuka jeusi papo hapo. Mchanganyiko wenye iodini huonyesha ni spora zipi zinageuka bluu au kahawia nyekundu. Ili nyuzi zionekane vizuri, wengi hutumia rangi nyekundu iitwayo Kongo. Iliingia sokoni mwaka 1885, mara baada ya mkutano wa Berlin, ikapewa jina lililokuwa midomoni mwa watu. Kwa njia hiyo neno Kongo limeandikwa katika maelezo mengi ya kuvu duniani, hata yale ya misitu ya Finland.

Mlaji maarufu kuliko wote wa rafu za Virunga ni sokwe wa milimani. Mtafiti Dian Fossey alianza kuwachunguza mwaka 1967 huko Kabara, upande wa Kongo, kati ya Mikeno na Karisimbi, mahali ambapo George Schaller alikuwa ametangulia, kabla ya kuhamia Rwanda mwezi Septemba mwaka huohuo. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 alieleza jinsi sokwe wanavyoithamini kuvu moja ya mashinani. Tunda hilo ni adimu na limeshika sana. Mkubwa hulibandua na kwenda nalo kando kulila, wadogo wasioweza kulibandua huliguguna papo hapo kwenye mti, na mwenye nguvu humnyang'anya mnyonge. Fossey aliliita Ganoderma applanatum.

Jina hilo lina safari ndefu. Ni Persoon, mzaliwa wa Afrika, aliyeipa spishi hiyo neno applanatum mwishoni mwa karne ya 18, akiwa na kuvu ya Ulaya mbele yake. Patouillard aliihamishia Ganoderma mwaka 1887. Kisha jina likaenezwa duniani kote: kila rafu ya kahawia, bapa, isiyong'aa, iliitwa hivyo, Afrika, Amerika ya Kusini na Australia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na kundi zima la spishi, na kwamba applanatum halisi ni ya nchi baridi za kaskazini. Kwa hiyo chakula cha sokwe wa Kabara kilivikwa nguo ya kuazima. Kosa hilo haliwezi kuwekwa juu ya Fossey, aliyefuata vitabu vya wakati wake. Liko katika vitabu vyenyewe, vilivyoanza na Ulaya na kupima Afrika kwa kipimo hicho.

Kitabu kilichowapa watafiti wa eneo hili mahali pa kuanzia kilitoka mwaka 1980, pale Leif Ryvarden na Inger Johansen walipochapisha Oslo maelezo ya kuvu za matundu za Afrika Mashariki. Walikiita cha awali, na neno hilo walilimaanisha. Kina funguo za kutambulisha na maelezo ya spora na nyuzi kwa kila spishi, na kwa mara ya kwanza mtu wa Nairobi, Makerere au Bukavu aliweza kushika rafu mkononi na kuifuata hatua kwa hatua hadi kwenye jina. Bado majina mengi humo yalikuwa yale ya spishi zinazosemekana kuota dunia nzima. Hakukuwa na njia ya kuyatilia shaka kwa hadubini peke yake.

Njia ilipatikana baada ya mwaka 1990, pale vipande vifupi vya kemikali vya kusomea eneo la DNA liitwalo ITS vilipoanza kutumika kwa kuvu. Mwaka 2012 eneo hilo lilikubaliwa kuwa alama rasmi ya utambulisho wa kuvu. Kwa kuvu za miti alama moja mara nyingi haitoshi, hivyo husomwa jeni tatu au nne. Matokeo yake katika milima ya Afrika Mashariki yalianza kuonekana hata kabla ya hapo. Mwaka 2005 Cony Decock wa Louvain na wenzake walifafanua Fomitiporia tenuis na Fomitiporia aethiopica kutoka misitu ya milimani ya Ethiopia, katika jenasi ambayo awali majina ya Ulaya yalitosheleza kila kitu. Mwaka 2009 Decock na Alphonse Balezi, mtafiti Mkongo kutoka Bukavu, walitangaza Inonotus rwenzorianus kutoka safu ya Rwenzori. Katika uandishi wa kisayansi majina ya waliofafanua huandikwa baada ya jina la spishi. Kwa hiyo kila atakayeiandika kuvu hiyo kikamilifu, popote alipo, ataandika Balezi kabla ya Decock. Baada ya karne moja ya bahasha zilizotoka Kongo bila jina la Mkongo aliyeonyesha njia ya msituni, jambo hilo lina uzito wake.

Sheria za kutoa jina nazo zilibadilika. Tangu mwaka 1935 kuvu mpya haikutambuliwa bila maelezo ya Kilatini, na sharti hilo liliwazuia wengi wasiokuwa na mwalimu wa lugha hiyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012 Kiingereza kilikubaliwa kama mbadala, na mwaka uliofuata ikawa lazima jina lisajiliwe na kupewa namba katika hazina ya kimataifa kabla ya kuchapishwa. Yaliyobaki ni yaleyale ya zamani: sampuli moja kavu iwekwe katika hebaria inayojulikana, na ikiwezekana kipande hai kioteshwe na kuhifadhiwa katika maabara. Tofauti ni lebo. Leo sampuli isiyotaja aina ya mti, hali ya ubao, mwinuko na majira ya kijiografia hukataliwa au hudharauliwa, na sharti hilo linawanufaisha wenyeji, kwa sababu anayejua miti kwa majina ya Kinande au Kihunde huutambua mti uliokufa kwa gome lake pale mgeni anapoona gogo tu.

Gogo lenyewe ndilo linalopungua. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka na kupiga kambi kuzunguka Goma, na kuni za kupikia zilitoka Virunga. Mwaka huo UNESCO iliiweka hifadhi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu hapo vita na biashara ya makala vimeendelea kuchota msitu. Mchoma makala na mtafiti wa kuvu hutafuta kitu kimoja: mti mkubwa wa mbao ngumu uliozeeka. Mmoja huuhitaji upesi, kabla haujaoza. Mwingine huuhitaji miaka kumi baada ya kuanguka, pale rafu za uozo mweupe zinapochomoza pembeni na kila mvua kuongeza tabaka. Mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa mwaka 2007 na WWF, umewasaidia wakulima wa pembezoni mwa hifadhi kupanda mikaratusi na miti mingine ya haraka ili makala ya Goma yatoke mashambani. Miti hiyo hukatwa ikiwa michanga na haiachi magogo makubwa nyuma. Kuvu za miti ya Hagenia yenye ndevu za likeni, kwenye miinuko ya Mikeno na Karisimbi, hazipati makao humo, na kila mti wa aina hiyo unaoachwa uanguke wenyewe na kulala palepale hukalisha kuvu kwa miongo kadhaa, kundi moja likifuata jingine kadiri ubao unavyolainika.